Pengo la Kisigino cha Kulia

Jumanne, 16 Agosti 1994
Chai bila sukari. Nimepima tena nyayo za plasta. Tairi la mifereji mitatu. Pengo kwenye kisigino cha kulia. Nyayo zenyewe zilikutwa kando ya mlinzi wa ghala la pamba la Sapiwi, aliyepigwa rungu akafa. Ng'wandu, mchunga ng'ombe, yuko mahabusu kwa kuwa katambuga zake, viatu vya tairi, zinaacha alama hiyo hiyo. Polisi wanataka mimi, mtakwimu wa maabara, niandike alama hiyo ni nadra kiasi gani. Akitiwa hatiani atanyongwa.

Jedwali letu linasema nadra sana. Takwimu zake zilikusanywa mjini. Silipendi.

Jumatano, 17 Agosti
Mpelelezi amenifuata gesti mara mbili. Ana haraka. Mwenye haraka huficha jambo. Mama yake Ng'wandu alilia mbele yangu. Machozi si ushahidi. Simwamini yeyote kati yao.

Alhamisi, 18 Agosti
Sapiwi. Nimemkuta fundi wa katambuga, Mzee Luhende. Enzi za ushirika tairi lilikuwa adimu. Tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe, madereva wao humletea matairi chakavu, yote ya aina moja. Nikauliza kuhusu pengo. Akacheka. Hulikata mwenyewe kwenye kila kiatu cha kulia, mteja asije akabeba vya kushoto viwili.

"Baba, Sapiwi hii hata padri anakanyaga tairi la tajiri."

Maabara ililidhani pengo kuwa kovu la jiwe, ikazidisha unadra wa pengo kwa unadra wa tairi. Kosa kubwa: hapa viwili hivyo huenda pamoja. Lakini fundi naye huenda anamkinga kijana. Nitatazama mwenyewe.

Ijumaa, 19 Agosti
Mnadani. Nimesimama langoni tangu asubuhi, macho kwenye vumbi. Mifereji mitatu, pengo. Tena. Tena. Wazee, akina mama, muuza chumvi. Nimekasirika. Nimenunua jozi iwe kielelezo.

Nimeandika: alama hii haimtofautishi mtuhumiwa na majirani zake. Mpelelezi alisoma, akakunja karatasi.

"Mzee, umekula kwao?"

Miaka yangu yote kazini sijawahi kuulizwa kama nimehongwa.

Jumamosi, 3 Septemba
Mwanza, nyumbani. Mashtaka yamefutwa, hapakuwa na ushahidi mwingine. Ng'wandu amerudi kwao. Aliyemuua mlinzi naye yuko kwao. Huenda ni mtu mmoja. Sikuulizwa hilo.

Katambuga zimebaki kwangu. Leo nimezivaa nikimwagilia mchicha. Nikageuka, nikatazama tope. Mifereji mitatu. Pengo, kulia.