Kocha Aliyeshindwa Kula Wali

Mjukuu wangu Salma,

Marahaba. Huku Mlingotini tu wazima, alhamdulillahi. Shangazi yako kajifungua salama mtoto wa kiume, na babu yako bado anagombana na redio.

Waniuliza kama kocha wa kigeni aweza kuwa na uchungu na timu yetu ya taifa. Hata hapa barazani ubishi ndio huo huo.

Nilipokuwa msichana, timu ya kijiji ilifundishwa na mwalimu wa shule, mtu wa Songea. Watu wakimsema, "Huyo wa kuja, tukifungwa kwake nini?" Siku moja Kaole wakaja, wakatufunga. Desturi yetu, mechi ikiisha wageni na wenyeji hula pamoja, nami nilikuwa mpakuaji. Wachezaji wetu, wazaliwa wa hapa hapa, walinawa wakala mpaka ukoko. Mwalimu alimega tonge, akalitazama, akalirudisha kwenye sinia.

"Mwalimu, wali haukuiva?"

"Umeiva, dada. Haupiti."

Mpira siujui, mjukuu wangu. Ila timu ikifungwa, mimi hutazama nani kashindwa kula.

Nawe huko Mwanza, hata tukifungwa, ule.

Bibi yako,
Mwanahamisi