Sitatubia Taa Zile

St Marys, Sydney
13 Novemba 2022

Baba mpendwa,

Chamgei. Natumaini barua hii itakukuta umeketi mahali penye mwanga, jicho lililopasuliwa limepona na lile la pili halikusumbui sana. Mama nimeambiwa goti limempa nafuu na ameanza tena kwenda sokoni Silibwet kwa miguu, ingawa daktari alimkataza. Msalimie, umwambie nimecheka. Mimi ni mzima. Huku mvua imenyesha mwaka mzima mpaka nguo zinaota ukungu kabatini. Kazi bado ninayo, ingawa hilo la kazi utaona mbele kwamba lina maelezo yake.

Barua yako niliipata. Mdogo wangu Ronnie aliipiga picha ukurasa kwa ukurasa akanitumia, nami nikaenda kuichapisha maktaba ili niishike mkononi kama barua. Nimeisoma mara nne. Unasema Mchungaji Njenga amekuandikia kwamba binti yako, muuguzi, kiongozi wa kwaya ya ushirika wa Wakenya hapa Sydney, ameonekana pichani akiwashia taa miungu ya watu wengine. Unasema Jumapili hiyo ulishindwa kuketi katika kiti chako cha mzee wa kanisa, ukakaa nyuma karibu na mlango. Hilo limeniuma, siwezi kukuficha. Unataka nisimame mbele ya ushirika, nitubu kwa kinywa changu, nirekodiwe, na rekodi isikizwe kanisani huko Bomet. La sivyo nisikanyage bomani kwako Krismasi hii.

Baba, sitatubu. Naliandika mapema usije ukapekua kurasa ukilitafuta. Nakuheshimu leo kama nilivyokuheshimu nikiwa darasani kwako, na kwa heshima hiyohiyo nakwambia hapana. Lakini hapana bila maelezo ni ufidhuli. Kwa hiyo nivumilie, na Ronnie akikusomea asiruke mstari hata mmoja.

Mambo yalianza Machi 2020, wiki chache kabla mipaka haijafungwa. Katika makao ya wazee ninakofanya kazi aliletwa mama wa miaka themanini na moja aitwaye Beryl, aliyevunjika nyonga. Alikuwa amefundisha jiografia maisha yake yote, na mngepatana sana, kwa maana naye hakuweza kusikia mtu akikosea jina la mto bila kumsahihisha. Yeye na bintiye wa pekee, Lorraine, walikuwa wamepanga safari ya Aprili kwenda Bhutan. Ni nchi ndogo iliyobanwa kati ya India na China, milima mitupu, na watu wake wengi ni Wabudha. Safari yenyewe ni ya siku kumi, mnatembezwa na mwenyeji anayewaonyesha mahekalu, ngome, mashamba na desturi zao. Nyonga ikavunjika, korona ikaingia, ndege zikasimama. Kampuni ya safari ikawaambia nafasi zao zitangoja.

Beryl aliibandika ratiba ya safari kwenye mlango wa kabati lake. Kila nilipompelekea dawa za asubuhi aliniuliza, “Leo tuko wapi, Chep?” Nami nasoma: leo siku ya tatu, tunapita kwenye mlima wenye makaburi meupe mia moja na nane, kisha tunashuka bonde la Punakha. Hayo si makaburi, ananisahihisha, ni minara ya kumbukumbu, soma vizuri. Tukifika siku ya kumi tunarudi ya kwanza. Mwaka mmoja na nusu tulikwenda safari hiyo kwa mdomo, yeye kitandani, mimi na glavu na barakoa. Lorraine alikuja Jumamosi kwa Jumamosi akasimama kwenye maua nje ya dirisha, wakaongea kwa simu huku wakitazamana kwenye kioo.

Agosti 2021, wakati Sydney yote tumefungiwa ndani na helikopta za polisi zinazunguka juu ya vitongoji vyetu vya magharibi, Beryl alikufa kwa korona. Lorraine hakuruhusiwa kuingia. Alimuaga mama yake kwenye tabuleti niliyoishika mimi.

Septemba mwaka huu Lorraine akanipigia. Nchi ile inafunguliwa, akasema, na nafasi ya mama bado ipo. Angetaka niende mimi. Hakuna mtu duniani, alisema, anayeijua safari ile kuliko mimi. Nikakataa. Wiki iliyofuata nikakubali. Kwa nini nilikubali, nitafika huko.

Mchungaji Njenga hakuniuliza niliona nini, kwa hiyo nakwambia wewe. Ndege inashuka Paro ikipinda kati ya milima, hata nikaona mwanamke anaanika pilipili juu ya paa la nyumba yake. Tulikuwa watu kumi na wawili. Mwongozaji wetu aliitwa Kinzang, mwanamume wa miaka arobaini hivi, amevaa joho linalofika magotini na soksi ndefu, meno mekundu kwa kutafuna tambuu. Alituambia sisi ni kundi lake la kwanza tangu Machi 2020. Miaka miwili na nusu alikuwa akipeleka chakula kwenye milango ya watu waliowekwa karantini. Aliniuliza kama kwetu kuna milima, nikamwambia kwetu kuna vilima vya chai, na asubuhi ukungu hupanda kutoka bondeni kama huu hapa. Akasema basi wewe hutapumua kwa shida kama hawa. Na kweli, Baba, Waustralia walihema, mimi sikuhema. Huko pilipili si kiungo. Ndiyo mboga yenyewe, imepikwa na jibini. Wanawake wanauza viazi kando ya barabara, na ng'ombe wanasimamisha magari. Niliona vikongwe wakizunguka mahekalu polepole, shanga mkononi, wakinong'ona, nami nikamkumbuka bibi yetu alivyonong'ona zaburi akikamua maziwa. Shetani unayeniuliza kama nilimwona, sikumwona. Niliona watu wakisali.

Sasa zile taa. Siku ya nane tulikwenda kwenye hekalu la kale bondeni. Taa hawawashi ndani, wanaogopa moto. Wana kibanda cha vioo uani, chenye vikombe vya shaba vilivyojazwa siagi na utambi katikati. Kinzang alieleza kwamba mtu huwasha kwa ajili ya marehemu wake, ili aone njia, na kwamba mgeni hashurutishwi. Lorraine akawasha moja, akalia sana. Kisha akanipa kijiti. Mimi nikawasha mbili. Sikupiga magoti kwa sanamu. Nilisema Baba Yetu kwa Kipsigis, kuanzia mwanzo hadi amina. Mwanamke mmoja wa kundi letu akanipiga picha kupitia kioo, akaiweka Facebook, Shirleen wa kwaya akaiona, na mengine unayajua. Nilipotua Sydney nilikuwa nimeshaondolewa kwenye kwaya kwa ujumbe wa simu.

Lorraine aliniuliza palepale, “Moja ni ya mama. Ya pili ni ya nani?” Nikamwambia ya mzee Stavros, fundi viatu Mgriki wa chumba cha jirani, aliyekufa siku nne baada ya Beryl. Akashangaa kwamba namkumbuka mgonjwa mmoja hivyo.

Baba, sasa nakwambia kile ambacho hakuna mtu wa damu yangu anakijua.

Ijumaa moja ya Agosti ile niliamka na koo linakwaruza. Siku iliyotangulia nilikuwa nimepimwa, majibu yakawa sina. Nikampigia msimamizi wangu. Akasema ni baridi tu, una karatasi ya kuonyesha huna, na upande wa mashariki sina mtu hata mmoja, wauguzi watatu wamejitenga nyumbani. Nikaenda. Mlangoni kulikuwa na mashine inayouliza kama una dalili yoyote: homa, kikohozi, koo. Nilisimama mbele yake, nikabonyeza hapana. Hakuna aliyenishika mkono. Siku hiyo nilimlisha Beryl uji, nikamnyoa Stavros ndevu. Tulikuwa siku ya tano ya safari, kwenye lile daraja refu la kamba, na Beryl alicheka kwa sababu nilisema mimi nisingevuka. Jumapili nikapimwa tena, ninayo. Waliponipigia kuuliza koo lilianza lini, nikasema Jumapili asubuhi. Nilijitenga nyumbani wiki mbili, na niliporudi zamu Beryl alikuwa anakata roho. Ripoti ya makao ikaandika kwamba chanzo hakikujulikana, na sisi sote tukaambiwa tusiongee na familia.

Ndiyo sababu nilikubali safari ile. Nilifikiri huko mbali nitapata ujasiri, na kwa siku nane sikuupata. Siku ya tisa tulipanda kwenye lile hekalu lililong'ang'ania jabali, ambalo Beryl alilingoja kuliko yote. Katikati ya njia kuna mahali pa kunywa chai. Wengine walitangulia, tukabaki wawili na Kinzang kwenye benchi lingine. Nikamweleza Lorraine kama nilivyokueleza wewe, kuanzia koo hadi Jumapili.

Alizungusha kikombe chake mikononi. Kisha akasema, “Ulijua?” Nikamwambia nilishuku, na nilichagua kutoshuku. Akauliza, “Na kule kwenye tabuleti, ulipomshikia, ulijua?” Nikasema ndiyo, wakati huo nilijua. Akaweka kikombe chini, akapanda peke yake. Mimi sikupanda. Kinzang akaja akaketi upande wangu, akanimiminia chai yenye siagi na chumvi, mbaya kweli, nikainywa yote.

Usiku huo na siku iliyofuata Lorraine alikaa meza nyingine. Ukingoja nikwambie alinikumbatia, hakunikumbatia. Uwanja wa ndege wa Bangkok, tukisubiri ndege ya Sydney, alikuja akasimama mbele yangu. “Sijakusamehe,” alisema, “na sijui kama nitakusamehe. Lakini makao yale yaliniandikia barua tatu, zote za wanasheria. Wewe ndiye mtu wa kwanza kunijibu. Utayasema haya tena, mbele ya watu wanaoandika?” Nikamwambia nitasema.

Nimesema. Jumatatu iliyopita niliandika maelezo kurasa sita, nikayapeleka kwa tume ya serikali inayosimamia makao ya wazee, na nakala kwa Lorraine na kwa mtoto wa Stavros. Nimetaja simu niliyompigia msimamizi na saa niliyopiga, na sikujificha nyuma yake: nimeandika kwamba kidole kilichobonyeza ni changu. Uongozi umeniita mara mbili. Mara ya kwanza waliniomba nifikirie upya. Mara ya pili walinikumbusha kwamba leseni yangu ya uuguzi inaweza kwenda. Nikawaambia iende. Kwa sasa nimesimamishwa zamu, nangoja kuitwa.

Na Mchungaji Njenga, Baba, nilimwendea kabla ya kuandika maelezo yale. Nilimweleza habari ya Ijumaa ile ya Agosti, nikilia. Alinisikiliza, kisha akaniambia hayo ni mambo ya kazi, niwaachie wanasheria, nisiyalete kanisani yakachafua jina la ushirika. Turudi kwenye taa, akasema. Wazee wawili wamekufa, na yeye anataka turudi kwenye taa. Ndipo nilipochukua daftari langu la nyimbo nikatoka.

Kwa hiyo unielewe. Mimi si mtu asiyejua kutubu. Nimetubu kwa Mungu, nikatubu kwa Lorraine kwenye benchi la mlimani, nitatubu mbele ya tume, na mtoto wa Stavros akitaka kuonana nami nitakwenda nyumbani kwake nimsikilize akinitukana. Lakini kutubia taa mbili ili mzee wa kanisa apate kuketi tena mbele, huo utakuwa uongo wangu wa tatu, na nimeapa kwamba sitatamka wa tatu. Hata kwako. Hasa kwako, uliyenichapa darasa la pili kwa kunakili hesabu za jirani.

Sasa unajua kosa langu halisi, na ni kubwa kuliko lile uliloandikiwa. Kama utanifungia mlango, nifungie kwa hilo, nami sitakulaumu. Ila kuja nitakuja. Nitatua Nairobi tarehe 21 Desemba, nitafika bomani tarehe 23 kabla ya adhuhuri, mchana kweupe, majirani wote wakiona. Sitapitia kwa shangazi wala sitamtuma Ronnie anitangulie. Nitabisha mwenyewe, nami nitabaki pale langoni mpaka mtu mmoja wa nyumba hiyo aniambie usoni niingie au niondoke.

Mpe Mama pole ya goti na umwachie asome barua hii mwenyewe, msimpunguzie. Wasalimie wote wa Silibwet, hata wale wa benchi la mbele kanisani. Endelea kuweka dawa ya jicho asubuhi na jioni, kichwa umekilaza nyuma, usimwachie Ronnie akuharakishe.

Ni mimi binti yako, mwenye makosa na asiye na hofu,

Chepngetich