Tangi Kubwa la Pikapu ya Kitinda

Gereji ya nyuma ya kiwanda cha mbao,
Jumatano, tarehe kumi na mbili, mchana.

Mpendwa Dada,

Nimemkosea Kitinda. Nimeliandika hilo kwanza, kabla ya salamu, maana najijua. Nikianza na salamu nitasalimia mpaka karatasi iishe, halafu nikuambie mengine tutaonana.

Sasa salamu. U hali gani dada yangu? Mguu unaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema ukisimama sana jikoni unavimba. Basi usisimame, hao wapwa zangu wana mikono, na wao wapike. Shemeji hajambo? Kikohozi kilimwacha? Sisi huku wazima. Mama, kule kwa Kitinda na mkewe, anakula, anagomba, kwa hiyo ujue yuko salama. Mke wangu anakusalimu, ingawa hajui ninachoandika. Nimemwambia naagiza vipuri.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu ungenikatiza kwa swali moja tu, na mimi ningeanza kujitetea. Unajua nilivyo. Karatasi haimkatizi mtu.

Ulisikia mdogo wetu Kitinda alivyonunua pikapu. Alikupigia siku ileile, nikiwa nimesimama pembeni yake, ukapiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza. Na mimi nilicheka. Lakini vile vigelegele viliniingia kama kibanzi kwenye kidole. Hakionekani, ila kila ukishika kitu kinakuchoma.

Dada, mimi nimelala chini ya magari ya watu tangu Kitinda anavaa kaptula ya shule. Oili chafu imenidondokea mpaka kwenye kope. Kuendesha nilimfundisha mimi, hapahapa nyuma ya gereji, gari likizima kila akiachia klachi, analia, nambembeleza. Leo yeye ana gari, mimi nina spana. Na jina lenyewe ndilo hilo, watu wananiita Spana. Kinyozi hajinyoi, wanasema, wanacheka, na mimi nacheka nao.

Mama ndiye aliyenimaliza. Mama yule ambaye gari la mtu hapandi, linamtia kichefuchefu, la Kitinda alipanda. Tena mbele, mkoba kwenye magoti, kioo ameshusha hata kwenye vumbi ili aonekane vizuri. Wakipita hapa, Kitinda anapiga honi, na mama ananipungia mkono kama bibi harusi. Kichefuchefu kilikwenda wapi, sijui.

Nyumbani nako sikupumzika. Siku moja tunakula, mke wangu akasema, "Jamani shemeji anajituma."

Nikasukuma sahani. "Kwani mimi nalala?"

"Nani kasema unalala? Kula, baba."

Sikula.

Basi Kitinda akapata kazi ya kubeba vifaranga. Kuna mama mmoja hapa ana mashine za kutotolea mayai, mkali kama pilipili, wote tunamwita Mama Vifaranga. Vifaranga wake wanakwenda mpaka miji ya mbali wakiwa wa siku moja tu, na kiumbe wa siku moja hangoji. Barabara ile unaijua, pale katikati hakuna kituo cha mafuta hata cha dawa. Kitinda akawa anabeba madumu ya mafuta nyuma, pamoja na maboksi ya vifaranga. Mama Vifaranga akamwambia harufu inamwulia mali yake: afunge tangi kubwa, ama atafutwe dereva mwingine.

Akaja kwangu. Mafundi wamejaa mji mzima, akaja kwangu. "Kaka, gari langu hagusi mtu mwingine." Maneno mazuri hayo. Masikio yangu yakachukua mawili tu, gari langu.

Tangi alilitengeneza fundi wa kuchomelea hapa jirani, na sina la kumlaumu. Chini ya pikapu huwezi kulishusha sana, litagonga mawe. Kwa hiyo alilifanya refu na pana, ila kimo chake kifupi kuliko la zamani. Linameza karibu mara mbili. Nikashusha la zamani, nikaongeza mikanda ya chuma, nikaweka raba lisisuguane na chesisi, nikafunga mipira. Hata leo ukilala chini ukaliangalia utasema fundi huyu anapenda kazi yake. Na kweli ninaipenda.

Ila kuna kitu kimoja, na naomba unisome polepole hapa. Ndani ya tangi kuna boya. Linaelea juu ya mafuta, limeshikwa na mkono mwembamba wa waya. Mafuta yakipungua boya linashuka, na mshale kule mbele ya dereva unashuka nalo. Lile boya la zamani mkono wake ulipimwa kwa tangi lenye kina. Ukiliweka kwenye tangi fupi linagota chini mapema, kabla mshale haujafika mwisho. Dawa yake ni kuupinda ule mkono kidogo kwa koleo. Chai haipoi, umemaliza. Kila fundi anajua. Mimi nilijua.

Nikafunga hivyohivyo. Nikaingia kwenye gari, nikawasha swichi, tangi likiwa halina hata tone. Mshale ukapanda, ukasimama kwenye robo.

Nikautazama. Nimekaa kwenye kiti chake, bado kina nailoni ya dukani, inalia kila nikijigeuza. Nje Kitinda alikuwa anapiga soga na mafundi wenzangu, anawaambia habari za gari la pili. La pili, dada! La kwanza hata halijachubuka.

"Na la pili namkabidhi kaka," akasema. "Achoke na grisi, aje aniendeshee."

Wakaangua kicheko. Mmoja akapiga makofi juu ya boneti: "Haya Spana, ajira hiyo! Omba na sare kabisa!"

Najua Kitinda alisema kwa mapenzi. Nilijua hata wakati ule. Akaja dirishani anatabasamu, akauliza, "Kaka, mshale uko sawa?"

Nikamjibu, "Uko sawa kabisa."

Sikumtakia makubwa. Nilitaka gari limzimikie mara moja, hapa mjini, mbele za watu, asukume huku jasho linamtoka na wao wacheke kama walivyonicheka. Ndivyo nilivyojiambia. Lakini ukishafanya kitu kama hicho, huchagui gari litazimikia wapi.

Mwanzoni hakukuwa na neno, kwa sababu alikuwa anajaza tangi pomoni kila safari. Baadaye akauzoea mshale, akauamini. Halafu siku moja alikipita kituo cha mwisho akiona ana robo, akasema ya nini kuchelewesha vifaranga. Katikati ya ile barabara gari likazima, jua la utosi, maboksi yamejaa nyuma.

Alinipigia mimi. Nikakodi pikipiki, nikaenda nimekumbatia dumu.

Nilimkuta amevua shati, amelitandika juu ya maboksi upande wa jua. Yeye kifua wazi, anawapepea kwa kipande cha boksi, anazunguka gari, anarudi, anapepea tena. Vifaranga unajua kelele zao, huwezi hata kuongea. Siku ile tuliongea vizuri tu. Maboksi mengine yalikuwa yamenyamaza kabisa.

"Kaka, mshale ulikuwa robo," akaniambia. "Haki ya Mungu, ulikuwa robo! Njoo uone."

Akazungusha ufunguo. Lakini alikuwa amepiga stata mpaka betri imekufa, na betri ikifa mshale unalala chini. Akautazama pale ulipolala, mwisho kabisa, asiamini.

Hapo ndipo ningesema, dada. Kinywa kilikuwa changu. Badala yake nikamwambia, "Uliangalia vizuri? Siku hizi hulali, Kitinda. Mtu akichoka macho yanamdanganya."

Akautazama tena ule mshale. Halafu akasema, "Labda."

Hiyo labda yake inaniuma kuliko vifaranga waliokufa. Vifaranga niliwaua kwa jua. Yeye nilimnyang'anya macho yake mwenyewe.

Tukatia mafuta, tukasukuma na mwenye pikipiki, gari likawaka. Kule kwa Mama Vifaranga alishushiwa maneno mbele ya wapakiaji wote. "Dereva asiyejua ana mafuta au hana akachezee gari la mabua!" Kitinda hakujitetea. Alisema, "Kosa langu, mama." Kazi ikaisha pale. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, naangalia viatu vyangu.

Na sasa sikia ajabu. Mama ananisifu mimi. Juzi aliniwekea chai akasema, "Angalau wewe mkubwa una akili iliyotulia." Maneno hayo nimeyangoja tangu nikiwa mtoto, unajua nilivyoyangoja. Yamekuja, na ile chai niliiacha ikapoa.

Jana Kitinda alikuja gereji kwa miguu. Pikapu ameiegesha, haigusi. Anasema akishika usukani, kila kitu anakiangalia mara mbili mbili na bado hakiamini. Anaiuza. Dalali anakuja kuichukua Jumapili.

"Lakini kabla ya dalali nimekuja kwako," akasema. "Ichukue wewe, kaka. Utalipa polepole. Nitajua iko kwa mtu anayeona."

Akaweka funguo kwenye meza yangu, katikati ya nati na matambara.

Nikuambie ukweli mchafu? Nilizichukua. Nilizifumbata, na kwa muda wa pumzi moja nilijiona niko barabarani, mama kakaa pembeni yangu na mkoba wake, napiga honi nikipita hapa gereji. Moyo ulichangamka, dada. Pamoja na yote niliyofanya, ulichangamka.

Ndipo akaniuliza, kwa sauti ya chini ili wenzangu wasisikie, "Nikienda hospitali kupima macho, utanisindikiza? Naogopa kwenda peke yangu."

Nilizirudisha funguo mkononi mwake. Nikamwambia asiiuze, asimpe mtu, anisubiri mpaka Jumamosi. Hakuelewa. Akanishukuru. Akaniambia, "Ahsante kaka, wewe ndiye umebaki." Nikaingia chini ya gari la mteja ambalo halikuwa na ubovu wowote, nikalala huko mpaka alipoondoka.

Kwa nini sikumwambia palepale? Niliogopa. Sina jibu lingine. Nimekuandikia wewe kwanza kwa sababu wewe ndiye uliyetulea mama alipokuwa anaumwa, na ukishajua, sina tena pa kurudi nyuma. Barua hii anakuja nayo dereva wa basi, Ijumaa utakuwa nayo. Nakuomba usimpigie Kitinda kabla yangu. Usinipunguzie mzigo huu. Kama una maneno makali, yaandike yote, nitayasoma.

Wala nisikudanganye kwamba wivu umekwisha. Leo asubuhi imepita pikapu ya rangi ileile, nikasikia kitu kinanipanda hapa kifuani kabla sijajua ni ya nani. Labda nitakuwa nao mpaka uzee. Lakini sitaupa tena spana ushike.

Nisalimie shemeji sana. Nisalimie wapwa zangu wote, na yule mdogo mwambie mjomba hajasahau kumtengenezea kile kigari cha magurudumu. Nisalimie shangazi, akiuliza habari zangu mwambie mimi mzima, mengine nitamwambia mwenyewe nikipata uso. Mungu akuponye mguu, na nyumba yako isikose amani kama ninayoikosa mimi leo.

Jumamosi hii asubuhi, mama akiwa bado kwenye chai, nitafika kwa Kitinda na jeki na koleo. Nitamwomba mama atoke nje na kiti chake, na mke wa Kitinda, na mke wangu nitakuwa nimekuja naye. Nitalishusha lile tangi mbele yao, nitalitoa boya, nitamwonyesha Kitinda lilipokuwa linagota, nitamwambia nilijua, na nitamwambia kwa nini. Akinipiga, nitapigwa. Akinifukuza, nitaomba anifukuze baada ya kuupinda ule mkono na kulirudisha tangi. Kisha atatia mafuta yeye mwenyewe na kuutazama mshale yeye mwenyewe. Halafu siku hiyohiyo ya Jumamosi, wapakiaji wakiwa bado kazini, nitakwenda kwa Mama Vifaranga, Kitinda akikubali aendeshe yeye na mimi nikae nyuma panapokaa maboksi, asipokubali niende kwa miguu, na mbele ya walewale waliomsikia akisema "kosa langu", nitasema ni langu.

Wako akupendaye, ingawa wiki hii hastahili kupendwa,

Mdogo wako, Spana