Sauti Aliyoisikia Mama Siku Vita Vilipokwisha

Jumapili, Newala. Leo jua halikutoka kabisa. Ukungu ulipanda kutoka bondeni tangu alfajiri ukatanda uani, na mimi nimeshinda nikiwa nusu macho, nusu ndotoni.

Nilipanda kutoka Masasi jana kuja kumsaidia mama kazi za mbaazi. Baada ya ibada tulikaa jikoni kuzichambua, ungo katikati yetu, redio ikiongea kwenye simu yangu. Walikuwa wanarusha matangazo ya moja kwa moja kutoka nchi ya mbali ambako vita vimekwisha. Honi, ngoma, wanawake wanalia na kucheka kwa pumzi moja. Mtangazaji wetu alitafsiri kidogo, kisha akanyamaza akatuachia kelele tu.

Nikanyoosha mkono nihamishe stesheni.

"Iache," mama akasema.

Mikono yake ilikuwa imesimama juu ya ungo. Nikadhani anaumwa. Kumbe alikuwa anasikiliza watu asiojua lugha yao, kwa makini ya mtu anayemtafuta mmoja kati yao.

Ndipo akanisimulia. Mimi mwanawe wa kwanza, mwalimu mzima mwenye mvi mbili tatu, sikuwahi kuisikia habari hii.

Mjomba Kosmasi nilimjua kwa jina tu, lile linalosomwa kanisani siku ya kuwaombea marehemu. Alikuwa kaka yake mama. Alikwenda vita vya Kagera, na baada ya miezi michache barua zikakoma. Akaja askari mmoja aliyejeruhiwa, akasema alimwona akianguka. Mwili haukuja. Ibada ikafanyika, na bibi yangu akaingia ndani, hakutoka tena uani kwa muda mrefu. Akipelekewa chakula alikionja kidogo tu, asionekane mkaidi.

Mama wakati huo alikuwa binti tu, Roza, bado hajawa mama wa mtu.

Siku askari walipopokelewa Dar es Salaam, redio ilitangaza sherehe zote zinavyoendelea. Pale kijijini redio ilikuwa kwa mwalimu mkuu. Betri zilianikwa juani tangu asubuhi ili zipate nguvu, na watu wakajaa hadi kwenye mihogo yake. Mtangazaji alikuwa anapita katikati ya umati akiwapa askari kipaza sauti mmoja mmoja. Wakataja kwao: Tabora, Songea, Musoma. Halafu ikaja sauti moja.

"Nawasalimu mama yangu na ndugu zangu wote wa Newala. Waambieni nakuja."

Akataja na jina lake, lakini vigelegele vya huko vikalimeza. Na hapa nako watu wakalipuka kwa kusikia Newala imetajwa redioni.

Mama hakushangilia. Aliinuka akakimbia nyumbani.

"Nilimwambia mama yangu, Kosmasi yu hai, nimemsikia kwa masikio yangu." Akarudisha mikono kwenye ungo. "Nilimwambia, Agnesi. Ni mimi niliyemwambia."

Bibi alitoka ndani. Akanawa uso, akafunga kanga mpya, akawasha moto mwenyewe. Jioni ile, mama anasema, nyumba yao ilinukia moshi na kisamvu, na majirani walipojaribu kumwonya bibi taratibu, aliwacheka.

Wiki chache baadaye zikaja habari kwamba malori ya askari wa kusini yamefika Nanganga, njiani kuja Masasi. Bibi na binti yake wakapanda lori la korosho wakashuka Masasi, wakafikia kwa shangazi yake mama. Siku mbili wakasimama kando ya barabara pamoja na wengine. Kila lori lilipoingia, bibi alihesabu nyuso, na mama alifumba macho akasikiliza.

Siku ya pili, mchana, mama aliisikia. Ile ile. Ilikuwa nyuma yao.

"Shikamoo mama. Samahani, gari la Newala linapatikana wapi?"

Mama akageuka akiwa tayari amefungua mikono.

Hakuwa Kosmasi.

Alikuwa kijana mwembamba, shingo ndefu, begi begani. Mama anasema alimchukia papo hapo, akataka kumrushia mchanga. Lakini bibi alimtazama sana yule kijana, akaitika marahaba, kisha akamuuliza, "Ni wewe uliyesema redioni?"

"Ndiyo, mama. Ni mimi."

Bibi akakaa chini palepale barabarani, akalia. Kilio alichokuwa amekibana siku ya ibada, mama anasema, kilitoka siku ile. Kijana hakuelewa kitu, lakini hakuondoka. Aliweka begi chini akakaa mchangani kando yake mpaka alipomaliza, kisha akabeba mizigo yao, wakapanda wote gari moja kurudi Newala.

Alirudi kumsalimu bibi wiki iliyofuata. Akarudi tena. Akamlimia shamba msimu mzima bila kuombwa. Mama alianza kwa kumpa maji bila kumtazama. Msimu wa pili alimtazama.

Kijana huyo ndiye baba yangu.

Baba ametutoka miaka kadhaa sasa. Sisi watoto tulimjua kwa kitu kimoja: hakuwahi kumwita mama mara moja tu. "Roza!" kisha kimya, kisha "Roza!" tena, taratibu. Hata baadaye, alipoanza kumwita Mama Agnesi, ilikuwa vivyo hivyo. Tulimwigiza tukicheka. Tulidhani mama ni mzito wa kusikia.

Leo nikamuuliza.

"Alipoita mara ya kwanza, mwanangu, alikuwa Kosmasi," alisema. "Nilikaa kimya kidogo, nikamsikiliza kaka yangu. Sikumwambia baba yako hata siku moja. Ila alijua. Akawa ananisubiri kidogo, kisha anaita tena. Ya pili ndiyo yake."

Ukungu ulikuwa mlangoni kabisa, na mimi nilikuwa nafikiria miaka yote ile, mwanamume amesimama uani, akimwachia marehemu zamu yake kila siku, bila kulalamika.

Je, mimi ningeweza? Kumpenda mtu na kumpisha mwingine asikilizwe kwanza? Nimejiuliza jioni nzima, na nakiri kwamba sijui.

Nilimwomba mama ruhusa ya kuyaandika haya hapa. Alifikiri, akakung'uta makapi mapajani.

"Andika," akasema. "Lakini uandike na hili: kwamba siku moja, wewe ukiwa bado mgongoni, baba yako aliniita, nami nikaitika kabla hajarudia, kwa kuwa nilimsikia yeye. Akaja mpaka mlangoni kuniangalia, akashindwa kusema alichoniitia."