Nzoka ya Mita Kumi

Muindi, usicheke. Nimetoka laibrari ya watoto saa hii na uso sina.

Nilikuwa nawasomea kitabu cha picha: shujaa wa farasi, amevaa chuma kama mabati, anapigana na joka la kutema moto. Nikaona hawajui joka. Nikawafananishia na nyoka, kwa Kikamba, "Ni nzoka. Nzoka kubwa!"

Unanijua. Nikaongeza, "Hata mimi nikiwa kijana nilipigana na nzoka ya mita kumi!"

Kasichana kanaitwa Wavinya kakaniuliza kama babu yake, "Umau, ilitoka?"

Nikadhani anauliza kama ilitoka pangoni. "Ilitoka! Kichwa kwanza! Nikaishika, nikaivuta!"

NILIIVUTA, Muindi. Ndivyo nilisema.

Watoto wakashika matumbo, wengine wakaanza kulia. Kumbe juzi shuleni walipewa dawa ya minyoo, na kwao nzoka ni ile ya tumbo!

Madam Wangechi wa laibrari akaja mbio. "Mzee, umewaambia nini? Wazazi wakilalamika, hadithi za Jumamosi nafunga!"

Nikaanza kueleza. Nikazidi kuzama.

Mamake Wavinya, ambaye ni nesi, akatoa kidonge cha minyoo kwa mkoba. Wavinya akaniletea. "Meza, Umau. Labda iliacha watoto."

Ningefanya nini? Nilikitafuna, nikafungua mdomo wote waone kimeisha. Kilio kikageuka makofi.

Madam alikuwa ameangalia ukuta, mabega yanatetemeka. Mwishowe akasema, "Jumamosi ijayo njoo, mzee. Lakini usome kilichoandikwa tu."

Kilichoandikwa tu! Muindi, mimi nitaweza?