Nitoe kwa Mpira

Mama, shikamoo. Dar mvua na joto vimekuja pamoja. Nakuandikia nimenyoosha mguu juu ya mto, nyumbani kwa watu wa Tandale.

Jana goti lilinigomea mwishoni mwa mechi, imebaki pointi moja nitolewe mashindanoni. Nikaanguka karibu na ukuta tunaoupigia mpira. Mpinzani wangu Rehema, binti wa hapa Tandale, akatupa raketi yake, akaja kunishika. "Dada, tuishie hapa. Mie sipigi tena." Nikamwambia, "Skwoshi ndiyo kazi yangu tangu usichana. Usinitoe kwa huruma, nitoe kwa mpira." Nikasimama kwa mguu mmoja. Akaanzisha mpira huku analia, akaupiga chini kabisa, konani. Sikuufikia. Nilimpigia makofi.

Mama yake, muuza nyanya sokoni, akanichukua kwao. Alinipikia wali na mchicha wa nazi, akaniwekea barafu gotini. Habari za mechi hakugusia. "Kula, mwanangu," akasema tu.

Leo asubuhi daktari kaniambia sitacheza tena. Nimelia, nimenyamaza. Mungu akutunze, mama yangu. Narudi Moshi Jumamosi, na safari hii sina tarehe ya kuondoka.

Mwanao, Anna