Jinsi Damiani Alivyotutoka

Kariakoo, Dar es Salaam

Kaka Benedikto mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wazima, na Mama ameanza kula. Mimi mwili hauna neno, moyo ndio mgonjwa.

Umeniuliza mdogo wetu alikufaje, maana ile simu ya maandishi haikueleza kitu. Ngoja nikueleze.

Jumamosi mchana, baada ya kushusha magunia sokoni, Damiani na wapagazi wenzake walishindana kunywa gongo. Wakamleta chumbani kwangu akiyumba, anacheka.

"Dada Skola, nimewashinda wote! Chupa nzima, mara moja!"

Kaka, unajua nafanya kazi maabara ya shule. Wiki ile ile tuliwaonyesha wanafunzi vimeng'enya, vile vitu vya mwilini vinavyovunja chakula. Ukiviongezea wanga kidogo kidogo, kazi inazidi kwenda mbio. Lakini vikishashikwa vyote, hata umimine debe zima, kasi haiongezeki tena. Pombe kwenye ini ni vivyo hivyo, tena vimeng'enya vya ini hushikwa vyote mapema, kwa pombe kidogo tu. Inayozidi hubaki kwenye damu, na inaendelea kumdhuru mtu.

Nilijua yote hayo. Nikamwambia, "Lala, mwili utaimaliza taratibu." Nikamlaza chali, nikaenda kupanga foleni ya unga kwenye duka la ushirika. Hesabu yangu ilikuwa nusu. Nilikumbuka kwamba ini haliharakishwi, nikasahau kwamba gongo nyingi ilikuwa bado tumboni, inazidi kuingia kwenye damu.

Niliporudi saa kumi alikuwa ametapika na midomo imebadilika rangi. Mama Asha, jirani yangu, alikuwa amekaa mlangoni pake anachambua mchele.

"Alikuwa anakoroma," akasema, "nikajua usingizi."

Tulimgeuza, tukamwita kwa jina lake. Hospitalini daktari alimshika shingoni, akaniambia, "Pole, binti. Mmechelewa."

Wapagazi wale wale ndio waliobeba jeneza. Hakuna aliyeweza kunitazama usoni, na mimi sikuweza kuwalaumu.

Nisalimie wifi, mkeo, na shangazi aliyetulea. Watoto wabusu.

Najua utataka kunikinga kwa Mama. Usifanye hivyo, Kaka. Akiuliza kama Damiani alikuwa na mtu alipokata roho, mwambie hakuwa na mtu. Mwambie nilitoka.

Ni mimi mdogo wako,
Skolastika